Hesabu za Pesa Zitoke Kitabuni

Kuna jambo limenikera rohoni tangu muhula wa kwanza, nami naomba mnipe sikio.

Sisi wa kidato cha tatu husoma katika Hisabati mada ya hesabu za biashara. Humo mna riba ya kawaida, riba juu ya riba, kununua kwa malipo ya polepole na kodi ya mapato. Ni mada nzuri ajabu. Lakini inafundishwaje? Tunaandikiwa kanuni ubaoni, tunaambiwa bwana fulani aliweka shilingi 10,000 benki kwa miaka mitatu, tunakokotoa, tunawekewa vema, basi. Huyo bwana hana watoto, hauguzi mgonjwa, wala hakosi nauli hata siku moja. Kengele ikilia sisi twaenda zetu, naye anabaki kitabuni na pesa zake.

Maoni yangu ni kwamba mada hii tuijadili darasani kwa vinywa vyetu wenyewe, na kazi ya kufanyia nyumbani itoke hapa hapa Cheptiret.

Najua kuna atakayesema, "Si kuna somo la Biashara?" Lipo, lakini si la lazima. Aliyechagua Kilimo, kama mimi, ameshaagana nalo. Wazee wetu waliosoma 8-4-4 ilipoanza mwaka wa 1985 walifundishwa biashara hata katika shule ya msingi. Hisabati, kwa upande mwingine, hakuna anayeikwepa hata akitaka. (Na wapo wanaotaka, mnajijua.)

Hebu tutazame mfano mmoja. M-Shwari ilipoanzishwa Novemba 2012, mtu aliyekopa kwa simu alitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Hazina ya Hustler nayo ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba yake ilikuwa asilimia 8. Nilipowauliza wenzangu watatu ni mkopo upi ulio ghali zaidi, wote walisema ule wa asilimia 8. La hasha! Ile 8 ni ya mwaka mzima, na ile 7.5 ni ya mwezi. Ukichukua shilingi 1,000 kwa 7.5 kila mwezi, na usipolipa ada iongezwe juu ya deni, baada ya miezi kumi na miwili deni litakuwa kama shilingi 2,382. Kanuni ya kupata jibu hilo wote watatu waliijua, hata usingizini. Kitu ambacho hawajawahi kufanya ni kuuliza "kwa muda gani?" Swali hilo kitabu hakikufundishi kwa sababu kitabu huwa kimeshalijibu kabla hujaulizwa.

Hasara ya kutouliza nimeiona kwa macho. Mwenzetu mmoja aliyetuzidi umri aliacha shule tukiwa kidato cha pili, akachukua pikipiki ya mkopo, mkataba ukaandikwa kwa jina la kaka yake. Walitoa shilingi 20,000 kwanza, kisha wakatakiwa kulipa 400 kila siku kwa miezi kumi na minane. Mia nne kwa siku inasikika kidogo, ati bei ya abiria wachache tu. Lakini zidisha mara siku 540, uongeze ile ya kwanza: ni shilingi 236,000. Taslimu ingekuwa 150,000. Tena hiyo hesabu inadhani kwamba hakuna siku ya mvua! Mvua ndefu ziliponyesha, barabara za ndani zikawa matope matupu, abiria wakapungua, siku za kulipa zikampita, na pikipiki ikachukuliwa. Leo hana pikipiki na hana dawati. Alikuwa hodari wa Hisabati kuliko mimi.

Sasa tuje kwa mahindi, maana hapa Uasin Gishu ukitaka kuzungumza juu ya pesa bila mahindi unadanganya. Tuseme mzazi amevuna magunia kumi. Desemba gunia ni 3,000, na Juni huenda likafika 4,500. Kwa karatasi jibu ni rahisi: ngoja Juni, upate 15,000 zaidi. Mwalimu atatia vema. Lakini Januari shule zinafunguliwa, kuna sare na pesa za chakula cha mchana, na mtoto asiyelipa anajua njia ya kurudi nyumbani. Kuna wadudu ghalani. Kuna jamaa watakaokuja kuomba debe moja, nawe huwezi kuwanyima. Je, auze yote? Auze manne, angoje na sita? Akope, asubiri bei ipande, na riba itakula kiasi gani cha ile 15,000? Hapo ndipo hesabu inahitaji mdomo. Mmoja atasema hivi, mwingine atampinga, na wa tatu ambaye mama yake hununua mahindi hayo hayo kwa gorogoro atawaeleza upande ambao hamkuufikiria.

Jambo gumu, nakiri, ni aibu. Kuna mzazi atakayeuliza, na ana haki, "Mbona mtoto wangu aende kutangaza umaskini wetu shuleni?" Kwa hivyo mwalimu asituambie tuandike mapato ya nyumbani kwetu. Wengine wataandika uongo na wengine watachekwa. Napendekeza darasa zima litunge familia moja: mama, baba, watoto watatu, ekari mbili, ng'ombe mmoja wa maziwa. Tuipe mapato na matumizi, tuishi nayo muhula mzima. Kila wiki mwalimu alete habari: ng'ombe amekauka, mtoto amelazwa, chama kimemfikia mama zamu yake. Kila kikundi kiamue, kiandike sababu, na sababu nayo itiwe alama, si jibu peke yake.

Na kamari ya simu pia ijadiliwe, badala ya kuwa siri ya nyuma ya choo. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18, lakini wapo wanaotumia laini za kaka zao. Mada ya uwezekano tunaisoma kidato hiki hiki. Mechi tano, kila moja ukiwa na nusu ya kupata na nusu ya kukosa: nafasi yako ya kupata zote ni moja katika 32. Mwanafunzi akiikokotoa mwenyewe mbele ya wenzake itamwingia kuliko kiboko.

Walimu watasema muda hautoshi, mtaala haujaisha na KCSE haingoji. Kipindi ni dakika 40. Naomba kimoja tu kwa wiki, wakati wa mada hiyo. Tena tujadili kwa Kiswahili, maana Hisabati twaisoma kwa Kiingereza ilhali sokoni watu hukopeshana kwa Kiswahili.

Chama chetu kinaweza kuanza bila kungoja mtu. Mjadala wa kwanza wa muhula ujao uwe na hoja hii: "Mkulima auze mahindi yake yote Desemba." Mimi nitakuwa upande wa wapinzani. Tumwombe mwalimu wa Hisabati awe mwamuzi, na kila msemaji aje na hesabu yake kwa karatasi.