Kamera Iko Dar, Hela Iko Chanji

Mwezi uliopita tuliongea habari za wakwe na meseji zenu zimenichekesha mpaka basi. Mwezi huu tunapanda baridini, Ufipa.

Dada mmoja wa Chanji, pale Manispaa ya Sumbawanga, ametuandikia. Meseji yake ni ndefu, naifupisha. Yeye na mumewe wana kibanda cha kupiga picha za pasipoti. Mahindi yameshauzwa, hela ipo ndani, na huu ndio msimu ambao watu wa Rukwa wanaanza mambo yao: posa, kicheni pati, sendofu, kipaimara, harusi. Mume ameona kwenye Instagram kamera ya mtumba, Canon, ina lenzi mbili na flashi, bei ya kumtoa mtu udenda. Muuzaji yuko Dar es Salaam. Anataka nusu ya hela itangulie ili "aizuie", maana eti kuna mteja wa Arusha anaitaka leo leo. Mume anataka kutuma. Mke anasema hatumi mtu hapa. Siku ya tatu sasa wanalala mzungu wa nne. Anauliza, nani yuko sawa?

Nianze na shemeji, asije akasema nimempendelea mwanamke mwenzangu. Kuhusu kamera, shemeji yuko sawa kabisa. Kamera ya mtumba si wazo baya. Canon 5D Mark III ilitoka mwaka 2012 na mpaka leo unaweza kupigia harusi nayo na bibi harusi akaifurahia albamu yake. Kinachochoka ni vyuma vya ndani, hasa shata, kile kipande kinachofunguka na kufunga kila unapofyatua. Canon wenyewe waliikadiria shata ya mashine hiyo mara 150,000, ile ya 70D mara 100,000. Sony A7 III imekadiriwa mara 200,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa, ni kama kilometa kwenye gari. Lakini piga hesabu: mtu anayefyatua mara 2,000 kwa harusi moja, harusi 50 tu ameshamaliza 100,000. Kwa hiyo anayekwambia "imetumika kidogo" muulize kidogo ndiyo ngapi.

Kuhusu kutuma hela, dada, wewe ndiye uliye sawa, na wala si kwa nusu.

Huyo mteja wa Arusha ni wa zamani sana hapa Bongo. Ukinunua kiwanja yupo. Ukinunua pikipiki yupo. Hata ukitongoza yupo! Kazi yake ni moja tu, kukunyima usiku mmoja wa kulala na kufikiri. Tapeli anajua ramani vizuri kuliko wewe. Anajua kutoka Chanji mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 1,000, hutapanda basi kwenda kuangalia kitu cha kununua mtandaoni. Mtu wa Tabata hauziwi namna hii, kwa sababu atasema "nakuja saa nane niione" na mchezo utaishia hapo.

Sasa fanyeni hivi. Kabla ya yote, muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, kwa mkono wake, aiweke juu ya kamera, apige picha hapo hapo. Halafu aje kwenye video ya WhatsApp, aiwashe, afyatue, aigeuze uone seriali namba iliyo chini ya bodi. Zile picha zake za Instagram zipitishe kwenye Google Lens, uone kama hazijaibwa kwenye duka la Japani. Akianza kusema kamera iko kwa shemeji yake, bando limeisha, usimsumbue kama hauko siriasi, basi mshukuru na umuache na mteja wake wa Arusha.

Tuseme amefanya yote hayo. Bado hutumi! Hapo umejua tu kwamba kamera ipo. Hujajua kama ni yake, kama ni nzima, wala kama ataitoa ukishalipa. Hela na kamera lazima zikutane mahali pamoja, siku moja, mbele ya macho ya mtu wako. Mtu wa muuzaji haingii hapo, dalali haingii, na yule jamaa mwema kwenye maoni aliyeandika "huyu bro muaminifu nimenunua kwake" haingii kabisa. Mtu WAKO.

Na hapa ndipo wengi mnapokosea kwa sababu ya undugu. Mnamchagua binamu mjanja, mtoto wa mjini, mwenye maneno. Mimi nasema mchague mbishi. Yule wa kwenye ukoo anayerudisha chenji pungufu ya shilingi mia na kudai iliyobaki, huyo ndiye wako. Sifa yake kubwa ni kwamba anaweza kumwangalia mtu usoni akasema "hapana, siichukui" bila kuona aibu kwamba amewapotezea watu muda. Binamu mjanja ataona tabu kurudi mikono mitupu, na saa nyingine atakuwa ameshaahidiwa soda. Kama mnamjua mpiga picha yeyote mwenye asili ya Sumbawanga aliyeko Dar, ni bora kuliko ndugu wote. Mlipe nauli na muda wake, tena kwa heshima. Hiyo hela ndogo msiionee uchungu, ni ndiyo bima yenyewe.

Wakutane mchana, mahali penye watu, ndani ya benki au dukani kwa fundi kamera. Mtu wako aende na memori kadi yake na kompyuta ndogo kama ipo. Apige picha anga jeupe huku tundu la lenzi limefinywa, f/16 au zaidi. Madoa yakitokea pale pale kwenye kila picha, sensa ina vumbi au jeraha. Avue lenzi na kuimulika kwa tochi ya simu. Akiona kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi. Pwani ina unyevu na lenzi nyingi za kule zimeliwa hivyo. Baridi kavu ya Ufipa inaweza kuipunguzia kasi ya kukua, lakini kioo kilichokwisha kuliwa hakirudi. Afungue menyu pia. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, na si zote zinazokubali kubadilishwa. Shemeji anajua Kifipa na Kiswahili, Kijapani atakitoa wapi? Idadi ya shata kwa Nikon inasomeka ndani ya picha yenyewe ukiifungua kwenye programu. Canon nyingi zinataka waya na kompyuta. Ndiyo maana nikasema mpiga picha ni bora kuliko binamu.

Akisema nzima, hapo ndipo unatuma, wewe mwenyewe kutoka Chanji kwenda kwa muuzaji, mkiwa kwenye simu na kamera ikiwa mkononi mwa mtu wako. Jina litakalotokea kabla hujaweka namba ya siri lifanane na la kitambulisho ambacho mtu wako amekishika. Usinielewe vibaya, jina peke yake si kinga. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020, watu wakadhani utapeli umekwisha. Wapi! Wakahamia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, labda bibi wa watu kijijini ambaye hana habari. (Na wewe piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Unaweza kushangaa.)

Pili, karatasi. Waandikishane, hata kama ni ukurasa wa daftari: majina, aina ya kamera, seriali namba, bei, tarehe, sahihi, shahidi. Muuzaji atoe fotokopi ya kitambulisho, na juu yake iandikwe "kwa mauziano ya kamera tu" isije ikatumika kwingine. Kama mnanunua kwa mtu wa hapo hapo Sumbawanga, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, wala msione haya. Najua inachosha, lakini kamera ya wizi ikifuatwa na polisi haijali wewe ulikuwa na nia njema. Itachukuliwa, na unaweza kujikuta unaeleza kituoni ulivyoipata. Kwenye ile harusi ya watu mia tatu, kila mtu anaiona kamera yako.

Usafiri ni mfupi. Betri itolewe, lenzi ivuliwe na kufunikwa, kila kitu kizungushiwe nguo. Akipatikana mtu anayekuja nyumbani aibebe mkononi, raha zaidi. Ikienda kama mzigo wa basi, risiti iandikwe kuwa ni kamera, si "vifaa", na ifunguliwe pale pale stendi mbele ya mhudumu kabla hujasaini.

Je, kwa wale ambao hela imeshakwenda? Usifute meseji hata moja, hata zile za matusi. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo, maana hela ikiwa bado kwenye akaunti inaweza kuzuiwa, ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Namba ya tapeli itume 15040, ile ya TCRA ya kuripoti utapeli. Nenda polisi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na udanganyifu wa kutumia kompyuta au simu umo. Wengi hawaendi kwa aibu, na tapeli anaitegemea hiyo aibu.

Ambayo inanirudisha kitandani kwenu, dada. Kuna kitu umekiandika mwishoni kama utani: mume alikuambia "nikituma nitakuambia baadaye". Mimi sikucheka. Wanaume wengi wanaolizwa mtandaoni wanatuma wakiwa peke yao, chooni au dukani, kwa sababu nyumbani kuna mtu angeuliza swali moja tu la kijinga likaharibu dili. Lile swali la kijinga ndilo lililokuwa linatakiwa! Hela ya mahindi mlilima wote. Kaeni chini, mkubaliane kiasi, nani atapiga simu, nani atatuma, na kwamba mmoja akisema "subiri" basi inasubiriwa mpaka kesho asubuhi bila kununa. Na wewe dada, siku kamera ikifika nzima, usimkumbushe kila Jumapili kwamba bila wewe angepigwa. Mwanaume anayejua atasimangwa, mara nyingine atatuma kimyakimya.

Umeuliza pia kuhusu kuuza ile Nikon yenu ya zamani ili kuongezea. Uzeni, ila sasa ninyi ndio mnawindwa. Meseji ya "umepokea" si hela. Yeyote anaweza kuandika meseji inayofanana na ya M-Pesa na kukutumia kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe, ndipo mzigo utoke. Na yule anayetuma kisha anapiga simu analia kwamba amezidisha elfu hamsini, umrudishie haraka mtoto yuko hospitali, mwambie apige kwa mtandao wake wamrekebishie. Mkisema kasoro za kamera mapema, kwamba kitufe fulani kinagoma na mpira wa pembeni umeachia, mtashusha bei kidogo lakini hakuna atakayerudi mlangoni Chanji na bodaboda kuja kugombana.

Kadi ya kumbukumbu msiuze pamoja nayo. Kufuta picha hakutoshi, hata kufomati. Kuna programu za bure ambazo kijana yeyote anazishusha na kuzirudisha picha zote, na kwenye kadi ya mpiga picha kuna kicheni pati za watu, mama wa watu wamejifunga kanga moja wanacheza wakijua wako wenyewe. Kuna na zenu pia, zile mlizojaribia kamera usiku mkiwa wawili. Ndiyo, najua zipo, msinifiche! Kadi mpya bei yake si kubwa. Ile ya zamani ivunjeni kwa nyundo, mlete kibanda usafi, mkamtafute huyo ndugu mbishi wa Dar.