Mshahara wa Meneja Si Bima ya Duka

Kuna imani iliyozoeleka miongoni mwa wenye maduka makubwa ya samani Dar es Salaam, na wateja na majirani nao wameimeza: mali ikipungua shorumu, meneja amekula. Kama hakula yeye, basi anamjua aliyekula. Kwa hiyo akatwe mshahara, na akilalamika aambiwe kwamba wenye vyeti wako wengi nje ya geti.

Naipinga imani hii moja kwa moja. Wanaoishikilia hawajawahi kukaa stoo usiku wa kuhesabu mali.

Kabati la milango minne halitoki kwenye kontena likiwa kabati. Linakuja katika maboksi kadhaa yenye namba, na mpokeaji aliyeharakishwa na dereva huhesabu idadi ya maboksi, haangalii namba. Miezi miwili baadaye fundi anafungua na kukuta boksi namba 3 yako mawili, namba 2 hakuna. Kwenye daftari kabati lipo. Kwa mteja halipo. Nani amelila?

Chukua meza ya maonyesho. Mteja amelipa, gari linasubiri, na kwenye boksi lake skrubu hazikutimia. Fundi anazitoa kwenye meza iliyopo ukumbini ili mteja asiondoke na hasira. Wiki inayofuata unatolewa mguu, kisha kioo. Mwisho wa mwaka ile meza ni mbao tu, na vitabu bado vinaihesabu kwa bei kamili. Kila alichokifanya fundi kilifanyika mchana kweupe, kwa faida ya duka.

Halafu kuna simu ya bosi. "Mpe shemeji yangu ile sofa, tutaandikiana kesho." Kesho haifiki, na hakuna meneja anayemdai bosi wake karatasi mara tatu. Mashine ya EFD haiwezi kumtetea hapo, kwani inarekodi kilichouzwa. Kilichotoka kwa heshima ya ukoo haikijui.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hesabu ya upande mmoja. Sofa ya kijivu na ya kijivu kilichokoza zina misimbo miwili inayofanana. Muuzaji akiuza moja na kuandika nyingine, msimbo mmoja utapungua na mwingine utazidi. Kilichopungua meneja anakilipa. Kilichozidi hakuna anayekiuliza, wala hakimrudishii hata shilingi.

Sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara pale tu mfanyakazi alipokubali kwa maandishi, na hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi alivyokipiga hesabu, kisha ampe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayo hayaruhusiwi kuvuka robo ya mshahara wa fedha. Karatasi ya jumla anayosainishwa meneja siku ya kwanza kazini, kwamba atawajibika kwa upotevu wowote, haiondoi wajibu wa kuthibitisha kosa.

Wenye maduka hujibu kwamba bila makato kila mtu ataiba. Hebu tufuate matokeo. Kila hasara ikishalipwa na meneja, bosi hana tena sababu ya kumtafuta mwizi, na mlinzi anayeshirikiana na dereva wa gari la mizigo analala usingizi mzuri. Meneja naye anajifunza kujilinda: anaficha kioo kilichovunjika, anapandisha bei kidogo ili afidie, anawakataza wateja kukalia sofa. Shorumu ambayo mteja haruhusiwi kukalia sofa inauza nini?

Meneja mwizi yupo, sikatai. Akamatwe kwa ushahidi, afukuzwe kwa utaratibu, ashtakiwe. Lakini duka linalompa mtu mmoja ufunguo wa stoo, kazi ya kupokea mzigo, kuurekodi na kuuhesabu, limeacha mlango wazi lenyewe. Anayepokea asiwe anayeandika. Anayeandika asiwe anayehesabu. Kifaa cha maonyesho kikitolewa hata skrubu moja, kiandikwe siku hiyo hiyo. Na bosi naye asaini anachochukua. Hayo hayahitaji kompyuta ya gharama, yanahitaji daftari la kurasa zenye nakala na mwenye duka anayekubali kubanwa na utaratibu wake mwenyewe.

Kwa meneja ambaye tayari amekatwa: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya makato ndani ya siku 60, na kama umeachishwa kazi kabisa una siku 30 tu. Nenda na hati zako za mshahara, mkataba, na nakala ya kila karatasi uliyolazimishwa kusaini usiku ule wa kuhesabu.