Nani Ashike Daftari la Afya ya Wananchi?

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Pahali ambapo usemi huo unaheshimiwa kila siku, pengine kuliko hata katika baadhi ya ofisi zetu, ni Kariakoo. Katika mitaa ya Lumumba, Swahili, Kongo na Msimbazi, mwenye duka huajiri wachukuzi wa kubeba mizigo, huajiri mlinzi wa usiku, na mwisho wa mwaka humwita hata mhasibu wa kumfanyia hesabu za kodi. Lakini daftari la mauzo na madeni hulala katika mtoto wa meza yake, na yeye mwenyewe hujua kulisoma. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye akili timamu awezaye kumwachia mtu wa mbali daftari hilo, kisha akawa anapigiwa simu kuelezwa kwamba ana mali kiasi gani.

Je, sisi kama Taifa tunao uangalifu wa mwenye duka huyo? Makala haya yanauliza swali hilo kuhusu jambo moja ambalo wengi wetu hatulitazami kwa makini, nalo ni mikataba ya kuchambua takwimu za utafiti wa huduma za afya.

Utafiti wa aina hiyo hautafuti dawa mpya wala chanjo mpya. Unauliza maswali ya mwananchi wa kawaida. Mama mjamzito alipofika zahanati alingoja kwa muda gani? Mganga alikuwapo? Dawa zilikuwapo, au aliandikiwa cheti akanunue dukani? Majibu hujazwa katika madodoso, nayo madodoso huingizwa katika kompyuta. Huko ndani ya kompyuta ndiko majibu yanakosafishwa, yanakopewa uzito kulingana na sampuli, na yanakogeuzwa kuwa majedwali yatakayosomwa na Waziri, na Wabunge, na Wakurugenzi wa Halmashauri. Anayeandika programu ya kompyuta ndiye anayeamua jibu lipi lihesabiwe na jibu lipi litupwe. Kazi hiyo haionekani na mtu, haipigwi picha magazetini, na mara nyingi hupewa mkandarasi.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mwanafunzi, alipata kibarua cha kuingiza madodoso kama hayo katika chumba kimoja cha ghorofani, hapo hapo Kariakoo. Madodoso yalihusu muda wa kungoja katika kliniki. Wauguzi waliohoji walikuwa wameandika saa kama tunavyozihesabu sote: mgonjwa alifika saa 2, akamwona mganga saa 3. Programu ilikuwa imeandikwa na mkandarasi wa nje, naye aliihesabu saa 2 kuwa saa mbili za Kizungu. Kwa mgonjwa huyo hakukuwa na madhara, kwa maana kutoka 2 hadi 3 ni saa moja kwa hesabu yoyote ile. Lakini yuko mama aliyeondoka nyumbani kukiwa bado giza, akafika saa 12 asubuhi ili awahi foleni, naye akamwona mganga saa 3. Huyo alingoja saa tatu nzima. Kompyuta ilisoma kwamba amefika saa 12 na kuhudumiwa saa 3, ikaona amehudumiwa kabla hajafika, ikalikataa dodoso lake.

Tuliagizwa kuyaweka madodoso yaliyokataliwa katika boksi la makosa, na kwamba yangeshughulikiwa makao makuu. Hatukujua makao makuu hayo yako wapi, na taarifa ya mwisho hatukuiona. Lakini hebu msomaji apime mwenyewe maana ya boksi lile. Waliotupwa ni wale waliofika alfajiri, na waliofika alfajiri ni wale wanaokaa mbali na wanaongoja zaidi. Waliobaki ni wale waliofika baada ya jua kupanda, wakangoja kidogo. Hapana shaka jedwali lingeonyesha kwamba foleni zetu ni fupi. Hakuna aliyesema uongo, na wala mkandarasi hakuwa mtu mwovu. Yeye hakuzijua saa zetu, na sisi tuliozijua hatukuwa na mamlaka ya kuigusa programu yake.

Mfano wa pili uko papo hapo sokoni. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Sasa kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba Kariakoo ya usiku na Kariakoo ya mchana ni miji miwili mbalimbali. Mama anayeuza nguo Mtaa wa Kongo hulala Mbagala, au Gongo la Mboto, au Kimara. Mtoto anapotakiwa kuchanjwa, si ajabu akampeleka kliniki iliyo karibu na biashara yake. Mtoto huyo ataandikwa katikati ya mji, ilhali katika idadi ya watu amehesabiwa kule anakolala. Asiyeujua mji, akigawanya idadi ya waliochanjwa kwa idadi ya wakazi, atapata kwamba katikati ya mji wamechanjwa watoto kupita asilimia mia moja, na kwamba Mbagala akina mama wamezembea. Kisha atashauri fedha za uhamasishaji zipelekwe kuwahimiza akina mama ambao wamekwisha kutimiza wajibu wao.

Kwa hiyo basi, tusidhani kwamba uchambuzi wa takwimu ni kazi ya mashine tupu, inayoweza kufanywa mahali popote na mtu yeyote. Ni kazi ya kuielewa nchi.

Historia yetu imekwisha kutufunza somo hili mara moja. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Ilinunuliwa kwa fedha za kigeni na kuendeshwa kwa kutegemea mno wataalamu kutoka nje. Mahesabu ya Serikali yalipovurugika, wananchi wenye ujuzi wa kuyarekebisha hawakutosha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa katika miaka ya 1980. Wako wanaoicheka marufuku ile leo. Yafaa wajiulize kwanza kiini cha matatizo yaliyoileta. Mashine ilikuja, lakini mafundi wa kuimiliki hawakuandaliwa. Tulinunua kalamu bila kujifunza kuandika.

Somo la pili limetufikia juzi tu. Tangu ule wa mwaka 1991-92, tafiti zetu kubwa za idadi ya watu na afya zimefanywa na Ofisi ya Takwimu ya Taifa letu kwa msaada wa mpango uliogharimiwa na Marekani, ambao kazi yake ya kitaalamu ilishikwa kwa mkataba na kampuni moja ya jimbo la Maryland. Wahojaji walikuwa Watanzania, na waliojibu walikuwa Watanzania. Utaalamu wa sampuli, programu na majedwali ulitegemea kwa sehemu kubwa msaada wa mkandarasi huyo. Haki isemwe: kazi ilikuwa nzuri, na wengi wa watakwimu wetu walijifunza mengi humo. Utafiti wa mwaka 2022 ndio uliotuonyesha kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015-16. Hiyo ni takwimu ya kujivunia.

Lakini mwezi Januari mwaka 2025 utawala mpya wa Marekani ulisimamisha misaada ya nje, na mwezi uliofuata mkataba wa mpango huo ukakatishwa. Watafiti wapya waliotaka data kupitia hazina ya mpango huo, wakiwamo wanafunzi wa Afrika waliotaka takwimu za nchi zao wenyewe, walikuta tangazo kwamba shughuli zimesimama na maombi hayajibiwi. Baadaye wafadhili wengine walijitokeza kuinusuru sehemu ya kazi hiyo. Ni kweli pia kwamba Ofisi ya Taifa ya Takwimu inayo hifadhi yake. Hata hivyo, jambo lenyewe linatosha kumwamsha aliyelala. Kalamu iliyotiwa sahihi Washington iliweza kufunga mlango ambao mwanafunzi wa Muhimbili aliuzoea kuupita ili asome habari za mama wa Mtwara na mtoto wa Kigoma.

Tena, mtu akituuliza kesho jinsi takwimu ile ya 104 ilivyopatikana, ni lazima wawepo vijana wetu hapa nchini wawezao kuifungua programu na kuonyesha hatua moja baada ya nyingine, bila kumwandikia mtu barua ng'ambo. Takwimu ambayo mwenyewe huwezi kuitetea si yako, hata kama bendera yako imechapwa juu ya jalada.

Wasiwepo watakaoyapotosha maneno haya kuwa ni chuki dhidi ya wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunayo mifano ya ushirikiano uliotuponya. Katika miaka ya 1990, mradi ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Canada uliwapatia watendaji wa afya wa wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini njia nyepesi za kulinganisha magonjwa na fedha. Walipochora majedwali yao wenyewe, watendaji wa Morogoro waliona kwamba malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali bajeti yake ilikuwa asilimia 5 tu. Hawakungoja mtaalamu aje awaeleze. Walihamisha fedha kidogo walizokuwa nazo, na katika Rufiji vifo vya watoto vilipungua sana ndani ya miaka michache. Takwimu zilifanya kazi kwa sababu walizichambua walewale waliotakiwa kuamua.

Mfano mwingine ni mfumo wa kompyuta unaobeba taarifa za MTUHA. Asili yake ni Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo, lakini programu yake iko wazi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameirekebisha ilingane na mahitaji yetu. Kufikia mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kuenea nchi nzima. Hapa chombo kimetoka nje, lakini mkono unaokishika ni wetu.

Aidha, hatuna budi kujikosoa. Si wageni waliotulazimisha kila mara. Wako watumishi wanaopenda mkataba wa nje kwa sababu unakuja na semina na posho. Ziko ofisi ambazo mtakwimu kijana, aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima, hukaa miaka mingi bila kupewa kompyuta ya maana wala kazi ya maana, mpaka anaondoka kwenda kuwatumikia walewale makandarasi. Kisha ofisi hiyohiyo hulalamika kwamba haina wataalamu. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kipo hapa hapa Dar es Salaam. Tusiseme hatuna watu, bali tuseme hatujawatumia.

Nini kifanyike? Kwanza, kila mkataba wa kuchambua takwimu za afya utamke kwamba data ghafi, pamoja na programu zote zilizoandikwa, ni mali ya Taifa, na zikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho. Mjenzi hukabidhi ufunguo wa nyumba, na mwandishi wa programu naye akabidhi wake. Pili, kila mtaalamu wa nje afanye kazi bega kwa bega na mtakwimu wa hapa, na mkataba usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka huyo wa hapa aweze kuirudia kazi yote peke yake. Tatu, kazi itolewe kwanza kwa taasisi zetu: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Taasisi ya Afya Ifakara na vyuo vikuu vyetu, nazo zilipwe kwa wakati. Nne, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isibaki kabatini. Siri za wagonjwa wetu zisivuke mipaka kwa sababu tu hakuna aliyesoma kifungu. Tano, Bajeti ya Serikali yenyewe itenge fedha za kazi hii, hata kama ni kidogo. Anayelipa ndiye anayeuliza swali, na asiyelipa huulizwa yeye.

Kwa walimu ninalo neno la pekee. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwenu baada ya kazi ile. Chombo kilichohesabu Taifa sasa kimo darasani. Mfundisheni mtoto kwamba jedwali halishuki kutoka mbinguni, bali limetengenezwa na mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa yeye. Na kwa watumishi wenzangu wa umma: mkataba unapoletwa mezani utiwe sahihi, ulizeni mwisho wa kazi daftari litakaa kwa nani.

Mwenye duka wa Mtaa wa Kongo angeuliza hivyo kabla hajashika kalamu. Nasi, ambao tumeshika daftari la mama yule aliyefika kliniki saa 12 asubuhi, hatuna haki ya kuuliza kidogo kuliko yeye.