Aliyeiba Kura na Aliyeiba Simu

Sokoni Gikomba, mwenye mali haombi cheti. Anatafuta mgongo wa kushusha bale za mitumba kutoka kwenye lori na jicho la kutenga nguo za "kamera", yaani za daraja la kwanza, kabla wateja hawajazivamia. Aliyetoka jela leo anaweza kupata cha kushika kesho.

Mambo hubadilika anapotaka kuwa makanga au dereva wa matatu. Hapo hudaiwa cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Ataomba kupitia eCitizen, atalipa shilingi 1,050, kisha atakwenda Huduma Centre, tuseme ile ya Makadara, vidole vyake vyote kumi vipakwe wino. Alama zikioana na za faili la zamani, kosa lake linamfuata.

Haki ya kupiga kura, hata hivyo, anayo. Ibara ya 83 ya Katiba ya 2010 kati ya waliotiwa hatiani humzuia tu wa makosa ya uchaguzi, tena kwa miaka 5. Hata walio gerezani walipiga kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, baada ya kushinda kesi, na ya urais mwaka 2017 na 2022. Kule Florida, Marekani, wananchi waliwarudishia wafungwa wengi wa zamani haki hiyo mwaka 2018, na mwaka uliofuata wabunge wakaongeza sharti la kumaliza kwanza faini na ada za mahakama.

Kwa hiyo Kenya imefika mahali pa ajabu: aliyeiba kura ana kikomo, aliyeiba simu akiwa na miaka 19 hana. Uingereza ina sheria ya kusahau makosa madogo tangu 1974. Hapa kwetu, mtu mzima amebakiwa na msamaha wa rais, mlango wa mbali mno kwa kesi ya wizi wa jozi ya viatu. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yalimzuia mwajiri kudai vyeti kabla hajakusudia kutoa mkataba wa maandishi. Yaliokoa nauli na ada, faili likabaki vilevile.

Mzazi ana haki ya kumjua anayemwachia mtoto, na makosa ya ngono na ya kutumia nguvu yasifutwe kwenye faili. Wizi mdogo ni jambo jingine. Wagombea wa Kamukunji, jimbo la Gikomba, watakaopita vibandani kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 waulizwe: rekodi yake ifutwe baada ya miaka mingapi?