Kiko cha Sajini-Meja: Jina Lipi Lastahili Fedha Zenu?

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani umepokea barua ya koplo mmoja wa polisi, ambaye yeye na wenzake kumi na mmoja wamechanga fedha ili kumuaga sajini-meja wao anayestaafu. Mzee huyo, asema koplo, amevuta kiko muda wote waliomfahamu, na kiko chake cha sasa kimepasuka, hata amekifunga kwa waya. Wenzake wameafikiana kwamba zawadi iwe kiko kipya. Wasiloafikiana ni jina la kiko chenyewe. Mmoja ataka Dunhill, kwa kuwa ndilo jina kubwa. Mwingine ataka Peterson. Wa tatu asema kiko ni kiko, kinunuliwe cha bei rahisi, na fedha zitakazobaki anunuliwe mzee mbuzi. Koplo atuuliza ni yupi kati yao mwenye haki.

Kabla ya kuamua shauri hilo, lipo neno la kusemwa mapema, maana ukurasa huu husomwa na wake na watoto pia. Wapo wavutaji wa kiko wajifarijio kwamba wao hawaumezi moshi kama mvuta sigara, kwa hiyo madhara si yao. La hasha! Moshi wa kiko huleta saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu, na nikotini yake humfunga mtu vilevile. Mtoto alalaye katika chumba kimoja cha kota huuvuta moshi wa baba yake bila ya kuulizwa. Hakuna jina la kiwanda wala chujio liwezalo kuyaondoa hayo. Hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 imekataza kuvuta mahali pa umma na katika umbali wa mita 50 kutoka hapo, na imekataza kumwuzia tumbaku mtu asiyetimiza umri wa miaka 21. Lau michango yenu ingaliweza kumnunulia mzee nia ya kuacha, tungaliisifu zaidi. Lakini hatukuulizwa hilo, na mzee ni mtu mzima.

Tuje sasa kwenye viko vyenyewe. Jambo ambalo wenye maduka hawapendi kulitangaza ni kwamba majina makubwa karibu yote hutumia mti mmoja. Ni kichaka kiitwacho braia, kiotacho katika milima ya mawe kandokando ya Bahari ya Kati, huko Italia, Ugiriki, Korsika, Algeria na Moroko. Kitakiwacho si shina lake wala matawi, bali nundu iliyo baina ya shina na mizizi, ambayo huhitaji miaka 30 au zaidi ili ikomae. Nundu hiyo huchimbwa, hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka utomvu wake utoke, kisha hukaushwa polepole kwa miezi, na pengine kwa miaka. Sifa yake ni kwamba hustahimili moto kuliko mbao nyingi, na ni nyepesi mdomoni. Mafundi wa mji wa Saint-Claude, nchini Ufaransa, walianza kuichonga katika miaka ya 1850, na tangu hapo viko vya udongo vikaanza kurudi nyuma huko Ulaya.

Basi ikiwa mti ni mmoja, tofauti iko wapi? Iko katika uteuzi wa kipande, katika usahihi wa tundu, na katika namna kiko kinavyoshughulika na maji. Hili la mwisho wengi hawalifikirii. Tumbaku iwakapo hutoa mvuke. Mvuke huo ukipoa ndani ya mrija huwa maji machungu, yale yanayokoroma kiko kinapovutwa na kuuchoma ulimi. Kiko kisichojua pa kuyaweka maji hayo humchosha mvutaji, hata kikiwa na pete ya dhahabu shingoni.

Dunhill kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeleta ugomvi. Wengi wetu twalijua jina hili kwa pakiti za sigara. Sigara hizo ni mali ya British American Tobacco, nazo hazihusiani na mafundi wa viko. Bwana Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku katika Duke Street, London, mwaka 1907, na mwaka 1910 akaanza kutengeneza viko vyake mwenyewe. Lile doa jeupe lililo juu ya mrija, ambalo leo watu hulionyeshana kama nishani, lilianza mwaka 1912, na asili yake haikuwa fahari. Kiko kilichonyooka kilimkanganya mteja asijue upande upi wa mrija uelekee juu; doa likawekwa kumwonyesha. Tusicheke sana: kitu kilichowekwa ili mtu asikosee ndicho kinacholipiwa leo mamia ya dola.

Hata hivyo tusimdhulumu. Dunhill alichagua mbao kwa ukali, na mwaka 1917 akaanzisha viko viitwavyo Shell, ambavyo mbao zake hupigwa mchanga kwa nguvu za hewa, sehemu laini zikaondoka na zile ngumu zikabaki zikiwa na makunyanzi kama gamba. Kiko hicho hupoa upesi na hakiteleziki mkononi. Tena viko vya kiwanda hicho huchapwa tarakimu ndogo zionyeshazo mwaka wa kutengenezwa, jambo limfaalo mnunuzi wa kitu kilichotumika. Wenye kiwanda walikuwa wakali hata kwao wenyewe: vipande vilivyokuwa na kasoro ndogo havikutiwa doa jeupe, bali kuanzia mwaka 1922 viliuzwa kwa jina jingine, Parker, kwa bei ya chini. Mtu mwenye kiko cha Parker cha zamani ana ndugu mdogo wa Dunhill mfukoni mwake, ijapokuwa jirani hatambui.

Lakini askari kumi na wawili waliochanga kutoka katika mishahara yao hawanunui historia. Dunhill kipya chaweza kugharimu mara tano ya kiko kingine chema, wala hakivutiki vizuri mara tano. Aliyezoea kuvuta kwa pupa atauchoma ulimi wake kwa Dunhill kama kwa kingine chochote.

Peterson ni habari nyingine, na hapa kalamu yetu yainama upande wake. Friedrich Kapp, aliyetoka Nuremberg, Ujerumani, alifungua duka mjini Dublin, Ireland, mwaka 1865. Baadaye alijiunga na nyumba hiyo fundi Charles Peterson, aliyetoka Latvia. Huyu ndiye aliyejiuliza swali la maji. Mwaka 1890 alipata hataza ya kiko alichokiita System: chini ya njia ya moshi alichimba kishimo, maji yakadondoka humo badala ya kupanda mdomoni. Mwaka 1898 akaongeza jambo la pili, tundu la mdomoni likielekezwa juu, ili moshi ugonge kaakaa usiupige ulimi. Mawazo hayo mawili yangali yakitumika, na viko hivyo vingali vikitengenezwa Dublin, ingawa mwaka 2018 kampuni ilinunuliwa na Wamarekani wa Laudisi.

Kuna na jambo jingine litakalompendeza mtu wa kambini. Katika viko vingi vya kawaida, mrija umeingizwa kwenye mbao kwa kubana sana, na mtu akiuchomoa kiko kikiwa moto, mbao hupasuka. Katika System shingo ya kiko imevishwa kofia ya chuma cheupe au fedha, na mrija umechongwa mfano wa kabari. Husukumwa tu ndani. Huweza kuchomolewa kingali moto, ukafutwa, ukarudishwa. Waingereza huuita mwungo huo kwa jina la jeshi, na husimuliwa kwamba askari wa zamani walioviunga viko vyao vilivyovunjika kwa maganda ya risasi ndio walioufundisha ulimwengu. Kama masimulizi ni kweli au la, mwungo wenyewe wafaa.

Peterson naye ana aibu zake. Katika viko vyake vya bei ya chini mara kwa mara utakuta vijishimo vilivyozibwa kwa lipu na kupakwa rangi. Wapo pia watu wasiolipenda kamwe lile tundu la juu. Humwachia mtu moto kaakaani. Na kile kishimo cha maji kisipofutwa kila siku hunuka vibaya, hata mke wa nyumba atakitupa kiko chote nje, naye atakuwa na haki.

Savinelli wa Milano tutampitia kwa haraka. Duka la nyumba hiyo lilifunguliwa mwaka 1876, na kiwanda chake kilianza mwaka 1948. Ni kazi safi, bei ya wastani, na ndani huwekwa kijiti cha mti laini wa balsa kinachonyonya maji. Ila kijiti hicho hutupwa na kubadilishwa, na huku kwetu sijui mzee atakinunua kwa nani. Stanwell wa Denmark alizaliwa kwa dhiki ya vita: mwaka 1942, viko vya Uingereza vilipokuwa havifiki katika nchi iliyotekwa na Wajerumani, Poul Nielsen alianza kuvichonga kwa mbao za kwao, na baada ya vita akarudia braia. Jina alilovipa viko vyake lilikuwa na mlio wa Kiingereza, na mwishowe akalifanya ukoo wake. Maumbo yake ni mazuri mno. Lakini karakana ya Denmark ilifungwa kati ya mwaka 2009 na 2010, kazi ikahamishiwa Italia, kwa hiyo anunuaye leo ajue kwamba ananunua jina la Denmark na mikono ya Italia.

Yule wa tatu, mwenye habari za mbuzi, asidhani tumemsahau. Kipo kiko chenye jina kubwa kiuzwacho kwa dola chache tu, nacho ni gunzi la mhindi. Mnamo mwaka 1869, katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, mhamiaji wa Kiholanzi aliyekuwa fundi wa kukereza mbao, Henry Tibbe, alianza kutengeneza viko vya magunzi, na mwaka 1878 akapata hataza ya kuyapaka lipu kwa nje ili yawe magumu na laini. Kampuni hiyo, Missouri Meerschaum, ingali ipo. Magunzi yake hayaokotwi shambani hivi hivi: ni ya mbegu yenye gunzi nene, nayo hukaushwa muda mrefu kabla ya kutobolewa. Anayefikiri atachonga la shamba lake jioni hii atavuta moshi wa gunzi, si wa tumbaku.

Kiko cha gunzi hunyonya maji chenyewe, hakina haja ya kuzoeshwa, na hakimchomi anayeanza. Jenerali Douglas MacArthur, aliyeweza kununua kiko chochote duniani, aliteremka katika uwanja wa ndege wa Atsugi, Japani, tarehe 30 Agosti 1945, akiwa na kiko cha gunzi mdomoni, na picha hiyo ikaenea dunia nzima. Kasoro yake ni umri. Kitako chake huungua, na mvutaji wa kila siku atakiaga mapema. Tena, tuseme kweli, kumkabidhi sajini-meja gunzi mbele ya paredi kwahitaji hotuba ndefu ya kueleza.

Wazee wa Afrika Mashariki watatuuliza mbona hatukutaja chetu. Kilikuwapo. Katika bonde la Amboseli, penye mpaka wa Kenya na Tanzania, lilichimbwa jiwe jeupe jepesi ambalo Wajerumani huliita povu la bahari, sawa na lile la Eskişehir nchini Uturuki, ingawa la kwetu ni zito zaidi. Jiwe hilo hunyonya maji kuliko mbao. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation, mjini Arusha, ililitumia kutengeneza viko vilivyochapwa alama ya tembo, vingine vikavikwa ngozi, vikauzwa Ulaya kwa jina la Kiko. Wazungu wengi walilitamka neno letu wasijue kuwa maana yake ni kiko tu. Leo vyaonekana zaidi katika mauzo ya vitu vya zamani. Akikiona mtu kizima, kisicho na ufa, tungalimshauri akichukue mbele ya majina mengi ya ng'ambo. Kidondoke sakafuni lakini, hakuna waya utakaokifunga.

Kwa hiyo, Koplo: nunueni Peterson System ya kawaida, isiyo na fedha shingoni, pamoja na gunzi moja la Missouri la kuvutia bustanini, na haki ya yule wa mbuzi itakuwa imekaribia kutimia. Atakayetumwa dukani asitazame mng'ao. Atazame ndani ya bori: tundu la moshi litokee chini kabisa, katikati, lisipande wala lisiende kando. Asukume mrija taratibu na kuona kama wakaa bila ya kuyumba. Aangalie kwenye mwanga kama rangi haikufunika lipu. Akikuta dosari hizo, akirudishe, hata kama jina limechapwa mara mbili.

Na mzee akisha kukabidhiwa, aambiwe avipumzishe: avute kimoja leo na kingine kesho, ili mbao zikauke. Asikwangue mpaka kwenye mbao ule ukoko mweusi wa ndani, maana ndio ngao ya kiko. Avutie nje, mbali na dirisha la watoto, na majivu ayamwage katika kopo la bati lenye maji, si juu ya nyasi kavu za uani.