Muhogo tunao, fungueni maabara

Nikuulize. Jioni ukipita kwa mama mboga, ile sukuma amekukatia anaitia kwenye nini? Kwenye juala, si ndiyo? Marufuku ilianza Agosti 28, 2017, na faini ya hadi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, na bado juala liko. Usimlaumu. Hakuna aliyemletea kitu kingine cha bei hiyo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kemia nayo haikuniacha. Mwaka jana nikaanza kupika karatasi ya muhogo kwa sufuria ya nyumbani. Sio uchawi: wanga wa muhogo, maji na gliserini kidogo, ile ile ya kupaka ngozi. Unakoroga kama uji hadi joto lifike karibu nyuzi 70. Hapo chembe za wanga zinafura, zinapasuka, na uji unaanza kung'aa. Unamwaga kwa sinia, unaacha siku mbili. Ukibandua una utando mwembamba unaopitisha mwanga. Bila gliserini unavunjika kama chapati ya juzi. Ukizidisha, unanata kama chingamu.

Kisha nikaongeza mafuta ya karafuu. Yana yujenoli, kemikali inayozuia bakteria na ukungu kuzaana haraka, kwa hivyo mfuko wenyewe unasaidia kulinda chakula. Lakini tone moja likizidi, mandazi yako yananukia pilau!

Sasa nikwambie ukweli: utando huu unaogopa maji. Nilifungia sukuma iliyooshwa, nikarudi nikapata kamasi. Mtu akikuambia muhogo tayari umechukua nafasi ya juala la mboga, mwambie bado. Watafiti huchanganya wanga na nta ya nyuki, au na kitosani, inayotolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, ili maji yasipenye upesi. Mimi naona tuanze na vitu vikavu. Njugu, kwa mfano. Zile pakiti ndogo za njugu zimejaa kila mtaro, na njugu haihitaji mfuko wa kuzuia mvua.

Kinachonikwamisha ni vipimo. Utando unabeba uzito gani kabla ya kukatika? Unapitisha unyevu kiasi gani? Kuna kitu kinahamia kwenye chakula? Bila majibu hayo siwezi kumuuzia mtu, na sitaki kumlisha mtoto wa mtu majaribio yangu. Mashine za kupima ziko vyuoni. Nilienda kwa kimoja, langoni nikaitishwa kitambulisho cha mwanafunzi. Sina. "Basi lete barua." Barua ya nani, jamani?

Kila wiki tunaalikwa kwa kongamano la vijana na mazingira, tunapewa tisheti na soda (ya chupa ya plastiki, usinichekeshe). Pesa hizo zingelipa fundi mmoja wa maabara akae Jumamosi. Mtu yeyote aje na sampuli yake, alipie kitu kidogo, apimiwe, apewe karatasi ya matokeo. Jua kali hawajawahi kuitishwa diploma ndio watengeneze jiko. Mbona sisi?

Nina tando 14 kwenye bahasha chini ya kitanda, kila moja na tarehe yake na vipimo vya gliserini. Msimamizi wa maabara ukisoma hii, Jumamosi niko huru.