Mnaotuambia Tusafiri Wepesi

Kuna ushauri nimeuchoka, na kwa kuwa wanaoutoa ni rafiki zangu, wengine tumekaa darasa moja, nitausema waziwazi. Ushauri wenyewe ni huu: ukija Dar, kata tiketi wiki mbili kabla, lipia chumba mapema kwa simu, beba begi moja dogo la mgongoni. Ukishindwa hayo matatu, basi wewe ni mtu wa mkoani usiyejua kujipanga.

Mimi ni mtu wa mkoani. Nyumbani ni Tunduma, mpakani kabisa, ambako ukikosea njia kidogo unajikuta Nakonde, Zambia, unaulizwa kama una kwacha. Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, lakini tangu nimalize masomo ya darasani nimerudi nyumbani kuandika, maana kupanga chumba mjini ili nikae na kompyuta peke yangu ni anasa nisiyoimudu. Kwa hiyo Dar naenda kwa kuitwa. Msimamizi akiita, naenda. Idara ikiita, naenda. Ni zaidi ya kilomita 900, na basi likitoka alfajiri unafika usiku, mguu umevimba.

Mwezi wa sita mwaka jana niliufuata ushauri wenu neno kwa neno. Nilikuwa naenda kutetea pendekezo la utafiti. Nilikata tiketi siku kumi kabla, nikachagua na kiti, dirishani, upande usiopigwa na jua la mchana. Nikalipia gesti Sinza, usiku mbili. Begini niliweka kompyuta, mashati mawili, viatu vya kikao, na sweta, kwa sababu mwezi wa sita Makambako na Mafinga hazina utani, hata kama ukifika Chalinze sweta hilohilo utalichukia.

Mama alikuwa ameshapima debe mbili za mchele wa Kamsamba. Kando yake kulikuwa na maharage, na karanga ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko. Nikamwambia, "Mama, safari hii sibebi."

"Unafikia wapi?"

Nikadanganya. Nikasema hosteli ya chuo. Hakubisha. Alikunja mdomo wa gunia, akaliegemeza ukutani, akaenda kuangalia moto.

Ujumbe ulinifikia Makambako, basi limesimama watu wale. Uliwekwa kwenye kundi la WhatsApp, sentensi moja: kikao kimeahirishwa, tarehe mpya itatangazwa. Hakuna samahani. Hakuna hata aliyeuliza nani yuko njiani. Wenzangu wa Dar wakaweka alama ya dole gumba, na mmoja akaandika kwamba afadhali, alikuwa hajamaliza slaidi zake.

Basi nikaendelea na safari, maana ningefanyaje? Gesti haikurudisha hela wala kusogeza siku. Nililala usiku mbili nilizolipia, na wa tatu nikaulipia kwa hela ya kurudia. Siku ya nne nikampigia shangazi yangu wa Mbagala.

Shangazi ni dada wa baba. Kaka yangu alisomea kwake sekondari, miaka minne, na sijawahi kusikia akiihesabu. Nilifika jioni, nikamwamkia shikamoo shangazi, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani. Kisha akatazama nyuma yangu. Ilikuwa mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia kama bodaboda imemaliza kushusha mizigo. Hakukuwa na mizigo. Nilimwona akimwita mtoto, akampa hela, akamnong'oneza. Mtoto akarudi na kilo moja ya mchele wa dukani kwenye mfuko wa karatasi.

Nilikaa siku tisa, kwa sababu kikao kiliahirishwa tena. Siku tisa za mchele wa kilo moja moja. Hakuna aliyenisema. Hata siku naondoka, shangazi alinisindikiza hadi kituoni akaniuliza tu, "Mama yako hajambo? Na mwaka huu mlivuna?"

Ningeweza kusema jua lilituunguza. Nikasema, "Tulivuna vizuri, shangazi."

Sasa turudi kwenye ushauri wenu.

Mnaita gunia la mchele ushamba. Mimi nasema gunia ndilo bukingi yangu ya malazi, na ni bukingi bora kuliko zote mlizowahi kuniletea kwenye simu. Haiulizi tarehe ya kuingia na ya kutoka. Kikao kikisogezwa wiki, haikutozi faini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na watu wanaucheka kama msemo wa kuchorwa kwenye kanga, lakini ni hesabu. Nyumba ya Mbagala yenye watu saba haiwezi kunilisha siku tisa bila kuumia. Debe mbili za mchele zinaweza. Mama alipopima ule mchele alikuwa anapanga mapema kuliko mtu yeyote katika hadithi hii. Ni mimi, msomi, niliyefuta mpango wake, nikabaki na risiti ya gesti.

Halafu kuna hili la kujipanga. Kujipanga ni nini kama tarehe si yako? Tiketi ya mapema ina faida kwa mtu ambaye kikao chake kitafanyika siku kiliposemwa. Wanaoahirisha ni nani? Ni watu wanaokaa umbali wa daladala moja au mbili kutoka ofisini. Kwao kuahirisha ni kurudi nyumbani mapema. Kwangu ni nauli mbili, siku mbili barabarani na aibu ya Mbagala. Anayevuruga tarehe ndiye huyohuyo anayetufundisha kupanga, na hapo ndipo ninapokasirika.

Tena mimi nimekulia mahali ambapo nimeona maana halisi ya kupangiwa safari. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar hadi Ndola, linafanya kazi tangu 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa 1970 ikakamilika 1975, ili shaba ya Zambia ipate bahari bila kupita kwa walowezi wa Rhodesia. Ilikuwa kazi ya heshima na siibezi. Lakini ukisimama Tunduma ukaitazama foleni ya malori unaona kwamba kinachosubiriwa bandarini ni shaba. Shaba ina nyaraka, ina wakala, ina meli inayoingoja. Binadamu wa hapa anajipachika pembeni ya ratiba hiyo. Hata uwanja wa ndege unaobeba jina la Songwe uko mkoa wa Mbeya. Sisi wenye mkoa unaoitwa Songwe, tangu 2016, tunaufuata huko. (Nikilisema hili Dar watu hudhani natania.) Haki isemwe: Serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku, mwaka 2023, tulipumua. Unaweza kuitwa leo ukafika kesho. Lakini hiyo ni nafuu kwa anayeitwa ghafla, ambaye bado mnamlaumu kwa kutokupanga.

Najua mtakachojibu. Mtasema gunia lina gharama, na ni kweli. Konda anataka chake kabla buti halijafungwa. Mwaka juzi nililipa elfu kumi na tano kwa mzigo, nikalipa tena bajaji kutoka stendi ya Mbezi hadi Mbagala. Na mchele wenyewe si wa bure: mama angeuuza palepale mlangoni. Kila gunia ninalopanda nalo ni ada ya sabuni, ya dawa, ya sare ya mdogo wangu. Nalijua hilo kuliko ninyi. Ndiyo maana sisemi kila mtu abebe gunia. Nasema msimwite anayelibeba mjinga, na msijifanye chumba cha kulipia kwa simu kinachukua nafasi yake.

Nikiambiwa nidai jambo moja, nitadai dogo. Kikao kikiahirishwa wakati mwanafunzi wa mbali yuko njiani au ameshafika, asikilizwe siku ileile, hata kwa mtandao. Tangu 2020 kila idara inajua kufanya vikao kwa mtandao, walipotaka, waliweza. Au idara imrudishie nauli. Mtaona jinsi tarehe zitakavyoanza kutulia.

Nimeitwa tena. Alhamisi ijayo, wamesema. Tiketi nitaikata jioni moja kabla, pale stendi, kwa kiti chochote kitakachobaki, hata cha nyuma juu ya tairi. Sweta lipo. Viatu vya kikao nimevifunga kwenye gazeti. Karanga zimerudi kwenye ndoo yao, na mfuniko nimeuzungushia gundi ya karatasi kwa sababu ya kona za Kitonga. Mchele ni debe mbili, ndani ya salfeti mpya, na nimeandika jina langu na namba ya simu pande zote mbili kwa wino mzito, kwa kuwa gunia lililoandikwa upande mmoja hulazwa kwa upande huo.

Mama ameingia na shazia na uzi wa katani. Ameniuliza nafikia wapi.

"Kwa shangazi."

Amekaa chini, ameanza kushona.